Tawi Lililofunga Njia

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na kundi la mbele lilikwisha kuziacha nyumba za mwisho za Sikonge. Wanawake walijitwika masufuria, vijana wakabeba kuku, wote wakiimba. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, magari yalikuwa machache, na harusi ilikuwa ng'ambo ya msitu. Basi waliishika njia ya zamani ya misafara. Nyuma yao, mbali kidogo, alikuja bibi harusi Marcelina na wasindikizaji wake, polepole, kwa sababu ya magoti ya bibi yake.

Aliyeongoza ni shangazi Koleta. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, na alimfundisha jambo moja: njia ikigawanyika, kata tawi bichi, lilaze likingame njia isiyofaa. Wa nyuma wakiliona wanajua hapo pamefungwa.

Apolinaria, mdogo wake Marcelina, hakulijua hilo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alitembea mkiani mwa kundi la mbele, mbung'o wakimng'ata shingoni bila huruma. Penye kichuguu kikubwa akaona tawi lenye majani mengi limelala chini. Akaliokota, akaenda akijipepea kwa raha zake.

Kijitoni wakapumzika kuwangoja wenzao. Wakangoja mpaka kuku wakasinzia.

"Labda bibi harusi ameghairi," akasema Mahona, binamu yake Apolinaria. "Ameyakumbuka masikio ya bwana harusi wake, Elieza."

"Wewe, nyamaza," shangazi akasema. "Kila njia panda niliifunga kwa tawi. Wamepitia wapi hawa? Mchungaji hatangoja mpaka kesho."

Apolinaria akalitazama tawi mkononi mwake. Njia panda walizozipita zilikuwa nyingi, na hakuna aliyemwona akiokota. Angelitupa majini, nani angejua?

"Shangazi, moja nimeifungua mimi. Nilikuwa nafukuza mbung'o. Ni pale penye kichuguu kikubwa."

"Kumbe mbung'o ndio waliovunja harusi," Mahona akasema.

Shangazi alikwisha kujifunga khanga kiunoni. "Una hakika ni pale? Haya, twende mbio."

Penye kichuguu Apolinaria akainama. Kwenye mchanga wa ile njia isiyofaa palikuwa na vitundu vidogo vidogo.

"Visigino, shangazi. Dada amevaa viatu vyake vipya ili avizoee."

Wakavifuata vile vitundu mpaka wakasikia nyimbo. Wasindikizaji walikuwa wamekaa kivulini, bibi akitafuna karanga za wageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njia yenu imetufikisha kwenye mizinga. Mlitaka tumwoze mjukuu wangu kwa nyuki?"

Wakacheka wote. Apolinaria akaomba radhi, na Marcelina akavua viatu vyake, akampa. "Utanibebea mpaka kanisani."

Njiani shangazi akamshika bega. "Lile tawi lilikuwa maneno yangu kwa watu wa nyuma. Usiondoe kitu njiani kabla hujauliza kimewekwa na nani. Lakini umesema kweli mapema. Ungenyamaza, tungekuwa bado tunazunguka kila njia panda, na harusi ingetupita."

Alasiri ile Marcelina aliolewa na Elieza. Wakazaa watoto sita. Bibi aliishi miaka mingine michache. Mahona alipata kazi ya reli Tabora. Shangazi Koleta aliongoza watu msituni mpaka barabara ilipofunguliwa, kisha akalima tumbaku. Apolinaria alisomea uuguzi, akafanya kazi Sikonge mpaka alipostaafu.