Nyayo Mbichi za Mfaume

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Mimi pia niliapa, tena nimeshika msahafu, lakini siri tumboni mwangu hailali.

Jioni hiyo Swaumu wa mtaa wa Chemchem alitoka kununua sukari. Sebuleni aliwaacha washenga wa Idrisa, fundi cherehani. Posa ya tatu hiyo. Mbili za kwanza zilikufa kwa jambo moja: washenga wakifika tu, nyayo mbichi za mwanamume hutokea uani, kutoka getini hadi mlangoni, zikinuka ziwa. Nani aoe mke wa mtu?

Maana mumewe, Mfaume, alikuwa ndani ya meli ile iliyozama Ziwa Viktoria mwaka tisini na sita. Mwili haukuonekana. Najiat, dada yake Mfaume, akazuia asisaliwe. "Maiti mmemuona? Basi kaka yangu yuko safarini." Swaumu hakukaa eda. Si mke, si mjane, mpaka mvi zikamwota.

Basi Swaumu alirudi na sukari yake magharibi ikiingia. Ukame, vumbi tupu... na nyayo zile hapo.

Mbichi.

Harufu ya samaki ikamkaba.

"Mfaume," akanong'ona, "nimechoka, baba. Kama unarudi, rudi ukae. Kama umekufa, niache."

Kisha, nyuma ya nyumba... chwaa. Chwaa.

Safari hii hakukimbia. Akawaita washenga, na majirani waliokuja kunusa pilau. Wakazunguka wakinyata. Wakawasha tochi za simu.

Najiat!

Kainama akiyalowesha makubazi ya kaka yake miguuni, birika mkononi, ndoo ya maji yaliyooshewa samaki ubavuni. Wanaume wawili wakamdaka mikono.

"Kumbe marehemu anavaa kanga," jirani mmoja akasema. Watu wakacheka.

Swaumu hakucheka. "Ni wewe, wifi? Siku zote?"

"Ukiolewa, nani atamngoja?" Sauti ya Najiat ilikuwa imechoka kama yake. "Lakini mimi naishia mlangoni, wifi. Ndani kwako sijawahi kukanyaga."

Tochi zote zikageukia mlango.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Sakafuni, kuelekea chumbani kwa Swaumu, nyayo ziling'aa. Si za makubazi. Miguu mitupu, mikubwa, inanuka mafuta ya meli.

Chumbani, kitanda kikalia... kama mtu anaketi.

Na Najiat alikuwa bado ameshikwa mikono, mbele ya watu wote.