Walinivua Sare ya Msiba wa Baba

"Vua hicho kitenge."

Aliyesema hivyo ni baba mdogo Elias, mdogo wake marehemu baba yangu. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwomba mgeni asogeze kiti.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, siku ya mazishi, nyumbani kwa baba kule Mkolani. Mwili ulikuwa bado hospitali. Mimi nimekaa kwenye mkeka wa watoto wa marehemu, nimevaa kitenge cha bluu chenye maua meupe. Watoto watano wa ndoa wamekivaa, na mimi wa sita.

"Hiyo ni sare ya watoto," akaendelea. "Wewe ni nani?"

Nyie... Nikamgeukia Justa.

Justa ni dada yangu kwa baba. Hicho kitenge aliniletea yeye mwenyewe jana yake, kwenye mfuko mweusi. Miaka miwili amekuwa akija kibandani kwangu Nyegezi, namsuka, tunakula sato, ananiita mdogo wangu. Kati ya watu wote pale msibani, yeye peke yake ndiye aliyenijua.

Justa akaangalia mkeka.

"Simfahamu," akasema. "Labda amepewa kimakosa."

Nilikivua mbele ya watu. Chini nilikuwa na gauni langu, lakini nilijiona uchi. Mama mmoja wa jirani akanihurumia, akanifunga khanga yake kuukuu iliyonuka moshi wa jikoni.

Sasa kabla hamjakimbilia kwenye maoni kuniambia nilifuata mali, ngojeni kwanza.

Naitwa Selina. Mimi ni msusi. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la sita, nikalelewa na bibi kule Magu, naye sasa hayupo. Baba yangu, mzee Luhende, aliuza vipuri vya injini za mitumbwi na alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mkavu yule. Alinisomesha, alinitembelea, lakini kila mara kwa kificho, na kila nikimuuliza lini atanipeleka nyumbani alijibu, "Wakati utafika."

Wakati ukafika, yeye yuko kwenye jokofu.

Sikutaka duka, sikutaka shamba. Nilitaka kitu kimoja tu. Kwenye wasifu wa marehemu, pale wanaposoma ameacha mjane na watoto kadhaa, nihesabiwe. Kisha watoto wakiitwa kutupia udongo, na mimi nisimame. Ukizikosa hizo dakika mbili hazirudi tena, hata ulie mwaka mzima.

Nikamwambia baba mdogo kwamba nina ushahidi. Nikatoa simu.

Miezi mitatu nyuma, baba alikuja kibandani akiwa ameshakonda. Akaniambia nifunge, twende tukatembee. Sikuamini macho yangu aliponipeleka Nyanza Furaha, ile bustani ya michezo kando ya ziwa, ukipita uwanja wa ndege. Mzee wa miaka sitini na tisa akapanda ule mteremko wa maji pamoja na mimi! Chini pale huwa wanasimama wapiga picha wa bustani, wakatudaka tukitua kwenye maji. Baba kafungua kinywa chote anacheka, mpaka pengo la jino la nyuma linaonekana.

Walimrushia baba nakala kwenye simu, naye akanitumia. Ilikuwa na jina la bustani limepita katikati yetu, na neno SAMPULI.

Baba mdogo akaitazama kwa muda.

"Ng'wanawane," akasema, na hapo alikuwa ananiita mwanangu huku ananifukuza, "siku hizi kuna akili mnemba. Kwenye simu ya mjukuu wangu nipo mwezini nachunga ng'ombe. Kaka yangu hajawahi kucheka hivi. Leta picha halisi, yenye karatasi ya waliopiga. Saa saba kamili nasoma wasifu, na simngoji mtu."

Justa bado alikuwa anaangalia mkeka.

Nikadandia bodaboda mpaka mjini, Nyamagana, kwa Suhaib, fundi wa kuchapa picha. Picha zote za mitindo ya nywele ukutani kwangu alichapa yeye. Nikamwambia aitoe kubwa, kwenye karatasi nzuri, na aniondolee hayo maandishi.

Suhaib akairudisha simu juu ya meza.

"Siwezi, dada. Hii ina wenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Huuoni uso wangu?"

"Uso ni wako. Picha ni yao."

Nilitamani kumchapa kofi. Lakini Suhaib ni mtu wa subira, akanielewesha kama mtoto. Haki ya kuichapa ile picha anayo aliyeipiga, siyo aliyepigwa, mpaka mwenyewe akupe barua ya ruhusa. Aliwahi kumchapia bwana harusi mmoja picha za mpiga picha mwingine, akashinda kituo cha polisi kutwa nzima anajieleza. Tangu hapo picha yenye alama ya mtu haigusi.

Nikamwambia kuna jeneza linanisubiri. Nikalia pale pale, mbele ya wateja waliofuata picha za pasipoti.

"Pole sana," akasema. "Lakini fikiria. Nikiifuta hii alama, nitakuwa nimeichezea picha, na baba yako mdogo atakuwa amesema kweli. Nenda kwa wenyewe. Karatasi yao ndiyo itakayokusemea."

Aisee, nilimkasirikia kwa sababu alikuwa sahihi.

Saa nne na nusu. Bodaboda tena. Njia nzima nilikuwa nafungua simu, naangalia saa, nafunga, nafungua. Dereva akaniuliza kama nawahi ndege. Nikamwambia nawahi kuwa mtoto wa mtu. Hakunielewa, akaongeza mwendo tu.

Ofisi ya picha pale Nyanza Furaha ni chumba kidogo nyuma ya bembea. Nilimkuta dada mmoja, kitambulisho chake kimeandikwa Nusrat. Nikamwonyesha namba ya picha. Akaandika kwenye kompyuta, akasoma, akaninyanyulia macho.

"Wewe ndiye Selina?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tumekutafuta sana. Mzee hakutuachia namba yako, alitupa ya kwake tu."

Akavuta faili, akatoa fomu. Kumbe siku ile, nilipokuwa nimekwenda kubadilisha nguo zilizolowa, baba alikaa pale akajaza fomu ya kuomba picha ichapwe. Hakuniambia neno.

Mwandiko wake naujua, zile herufi kubwa kubwa anazoandikia bei dukani. Kwenye mstari unaouliza waliomo pichani ni nani na wana uhusiano gani, aliandika hivi:

MIMI NA BINTI YANGU SELINA.

Amesaini na kuweka tarehe.

Nilikaa chini, siyo kwenye kiti, chini kabisa. Miaka ishirini na sita nangoja mtu huyu anitaje mbele ya watu, kumbe alishanitaja kwa watu wa bembea.

Nusrat akaniacha nilie, kisha akaanza kunichapia picha, safi, bila alama. Akanipigia muhuri barua ya ruhusa. Akageuza daftari nisaini kwamba nimeipokea... na hapo ndipo nilipoona mstari wa juu ya wangu.

Picha ile ile. Nakala ya kwanza. Imechukuliwa mwezi uliopita.

Aliyechukua: Rose Luhende. Uhusiano: mke.

Mama mjane.

"Mbona huyu..." nikauliza, kidole juu ya jina.

Nusrat akanieleza. Kwenye fomu ile baba alikuwa ameweka tiki mahali pengine: ameruhusu picha itumike kwenye tangazo la bustani. Bosi wao aliipenda, akataka kuibandika barabarani. Ila sheria yao ni kwamba kila mtu mzima aliyemo asaini, na mimi sikuwa nimesaini. Wakampigia baba ili wanipate. Baba alikuwa amelazwa. Simu ikapokelewa na mke wake.

Siku iliyofuata mama huyo alifika pale akiwa peke yake. Akaomba wasiibandike. Wakamjibu kwamba mzee ameshakubali, na aliyebaki kuamua ni huyo binti. Akachukua nakala moja, akaondoka bila kuaga.

Kwa hiyo alijua! Alikuwa ndani, nyuma ya pazia, ananisikia navuliwa kitenge, na anajua mimi ni nani!

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikabeba picha, barua, nakala ya fomu ya baba, na fomu yangu ya tangazo isiyo na saini. Nikajiapiza kwamba nitashika kipaza sauti, nitasoma kila kitu mpaka saini yake, na kesho yake nitaisaini ile ya tangazo ili Mwanza nzima imwone mume wake na mimi.

Saa sita na robo, jua kali, dereva anapenya kwenye magari. Tulipokaribia Mkolani tukakwama nyuma ya msafara wenye taa za kuwaka na kuzima. Dereva akataka kuupita. Nikamshika bega, nikamwambia asithubutu.

Lilikuwa gari lililobeba jeneza la baba.

Basi nikamsindikiza baba yangu nikiwa nyuma ya pikipiki, helmeti kichwani, picha yake kifuani. Hakuna aliyenipanga kwenye msafara ule.

Baba mdogo alikuwa ameshasimama kwenye kipaza sauti. Nikapita katikati ya viti, nikaweka karatasi zangu juu ya wasifu aliokuwa ameushika. Akavaa miwani. Watu wakaanza kunong'ona. Alisoma fomu mara mbili, akapitisha kidole juu ya zile herufi. Dukani walikaa pamoja miaka mingi, mwandiko ule hakuhitaji kuambiwa.

"Shemeji analijua hili?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Anajua. Muulizeni mwenyewe."

Hakuniachia kipaza sauti. Akaomba watu waimbe wimbo mmoja, akanishika mkono, tukaingia ndani.

Mama mjane alikuwa kwenye godoro, Justa ubavuni mwake. Nilikuwa nimepanga maneno makali kweli kweli. Lakini miguu ilipiga magoti yenyewe, mdomo ukasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Baba mdogo akamwonyesha picha. Hakuitazama. Akapapasa chini ya mto, akatoa bahasha, akaivuta nakala yake. Pembe zilikuwa zimekunjika kwa kushikwashikwa.

"Nilikwenda kule kuizuia," akasema. "Halafu nikaiangalia njia nzima mpaka nyumbani. Sikukuchukia wewe. Nilikionea wivu hicho kicheko. Miaka thelathini na moja nimempikia yule mzee, hakuwahi kunichekea hivyo."

Nje wanaimba.

"Mama..." Justa akamshika mkono. "Kumbe ulijua?"

"Mwezi uliopita. Na wewe?"

"Miaka miwili. Kitenge nilimpa mimi, nikidhani hakuna atakayemuuliza. Nilimkana asubuhi nikijua ukisikia utakufa."

"Na mimi nilinyamaza," mama akasema, "nikijua ninyi mkisikia mtamchukia baba yenu."

Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akachomoa kalamu, akaweka wasifu juu ya goti. Palipoandikwa watano akakata, akaandika sita. Kisha akanitazama na kusema, "Nisamehe, ng'wanawane." Safari hii alimaanisha.

Justa akavua kitenge chake mwenyewe akataka kunifunga. Nikakataa. Nilitaka changu.

Kikaletwa. Nikasikia jina langu kwenye kipaza sauti, la sita, Selina, na kuna watu waligeuka kunitafuta kwa macho. Saa tisa nikashika udongo. Ulikuwa na unyevu na vijiwe. Nikautupa, nikamwambia baba, asante, ila ulichelewa.

Siku ya tatu, tulipoanua matanga, nilimpelekea mama ile fomu ya tangazo. Nikamwambia nikiisaini itabandikwa barabarani watu wote waione, nikiichana imekwisha, na kwamba namwachia yeye aamue. Justa alikuwa mlangoni, anasikiliza huku anajifanya anafagia.

Mama akaisoma yote. Kisha akanirudishia.

"Saini," akasema. "Hicho kicheko alitunyima nyumba nzima. Acha tukakione njiani."

Bango lipo sasa, karibu na stendi ya Nyegezi, mita chache kutoka kibandani kwangu. Wateja wakikaa kusukwa huniuliza yule mzee mwenye pengo ni nani. Nawajibu ni baba, na wala sipunguzi sauti. Jumapili moja mama alishuka pale akitoka kanisani, akasimama barabarani na mwavuli wake akilitazama, kisha akaja akakaa kwenye kiti changu, akavua kilemba, akaniambia nimsuke mistari midogo.

Nikachukua kitana, nikaanza kumgawa nywele.

Funzo langu ni hili, na mnitukane mkitaka. Mzazi mwenye mtoto wa nje, mtaje ungali na pumzi. Usiiachie fomu ya picha ikusemee. Na ninyi mnaonyamaza mkisema mnawalinda wenzenu, tazameni vizuri. Nyumbani kwetu mama alijua, dada alijua, na baba mwenyewe alishaandika. Kila mmoja alifunga mdomo kwa upendo, na aliyevuliwa kitenge mbele ya watu ni mimi.