Picha Arobaini na Moja za Bi Tatu

Asubuhi hiyo stendi ya Kibiti ilikuwa imefurika hadi mlangoni mwa duka la Nassibu, fundi simu na kamera. Wapiga debe waliita Mbagala, Ikwiriri na Nyamisati kwa pamoja, wauza korosho walipenyeza mafungu yao madirishani mwa mabasi, na vumbi lilikuwa limetua juu ya kila kitu mezani kwa Nassibu isipokuwa kamera moja ndogo nyeusi iliyofunikwa kwa leso.

Abdulrazaq aliifunua. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mrefu, shati lake la mradi wa kupanda mikoko limefifia mabegani, viganja vimejaa makovu ya chaza. Aliiweka kamera ile kiganjani, ikapotea.

"Nassibu, ndiyo hii unayotaka kuniuzia? Hii si kamera, ni kiberiti."

"Hiyo haiuzwi," ilijibu sauti ya kike nyuma yake. "Na kiberiti kinachoma nyumba, kaka yangu."

Aligeuka. Waride alisimama mlangoni, dera la kijani likichungulia chini ya baibui, mtandio wa rangi ya maziwa, hina ya juzi bado inawaka vidoleni. Alikuwa binti wa mzee Khamisi muuza vitambaa, na kwa miaka mitano alikuwa akipiga picha za harusi upande wa wanawake, mle vyumbani ambamo mwanamume haingii.

"Samahani, dada. Sikujua ina mwenyewe," alisema Abdulrazaq, lakini hakuiweka chini. "Ila niambie kweli, unaitumiaje? Ina gurudumu moja tu la kuzungusha."

"Moja linatosha. Nalipangia kazi mwenyewe. Mengine yote yamo kwenye kioo, unagusa."

"Mimi kazini nina tope mpaka viwikoni. Nikigusa kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Kamera yangu iliyozama Jumatatu ilikuwa na magurudumu matatu, kila moja limeandikwa namba. Unaitazama tu kwa juu, unajua imekaaje hata hujaiwasha."

"Na uzito wake?"

"Kama mtoto wa wiki mbili."

"Basi jaribu kuingia na bomba hilo chumbani kwa bibi harusi. Nusu watajifunika uso, nusu watatoka. Hii yangu wanaisahau. Wanalia mbele yake, wanafundana mbele yake. Lenzi nabadilisha kama hizo zenu kubwa, na bado inalala mkobani pamoja na poda."

Nassibu alicheka bila kuinua macho kwenye simu aliyokuwa akiichokonoa. "Hata wanaozitengeneza hawajamaliza ubishi huo. Wakipunguza mwili, pa kuweka vitufe hapapatikani. Wakijaza vitufe, mkoba wa dada haufungi."

Abdulrazaq alinunua kamera kuukuu, nene, yenye magurudumu yake matatu. Kisha akaomba namba ya Waride, eti kwa ajili ya ushauri.

"Piga mchana," alisema Waride. "Asubuhi na jioni niko na baba, na baba ana masikio."

Akapiga mchana, kila mchana. Kule Kiongoroni, kijijini kwake katikati ya mikoko, mtandao ulishika mahali pamoja tu, gatini penye boti, na Abdulrazaq alikuwa na kitochi, maana simu kubwa mbili zilikwisha kufa kwa maji ya chumvi. Alisimama pale na suruali imekunjwa, nyuma yake wanaume wakishusha magogo ya mikoko.

"Kiberiti hajambo?"

"Hajambo. Na bomba je?"

"Bomba limeng'atwa na kaa."

"Muongo mkubwa wewe."

"Wallahi. Waride, laazizi, wiki ijayo nakuja Kibiti. Utavaa lile dera la kijani?"

"Nitavaa gunia."

"Gunia nalo litakupendeza."

Mwezi wa tano wa mazoea yao, sauti ya Abdulrazaq ikabadilika. Mama yake, Bi Tatu, alikuwa hainuki tena kitandani. Wauguzi walikwisha kusema arudishwe nyumbani.

"Sina picha yake hata moja," alisema. "Kadi yake ya kura ililowa kwenye mafuriko, sura ikawa doa. Na kamera yangu haitaki. Anasema namwelekezea mtutu."

"Basi chukua yangu. Ndogo, haitamtisha."

"Na kazi zako?"

"Harusi ninayopiga picha ni Ijumaa ya wiki ijayo, Ruaruke. Utanirudishia kabla."

Walikutana stendi siku ya Jumatano, na gari la Nyamisati lilikuwa limeshawasha injini. Waride aliing'oa flashi juu ya kamera ili iingie mfukoni, akairekebisha kwa ajili ya chumba chenye mwanga hafifu, akamfundisha kwa dakika tano.

"Hapa unapiga. Menyu usiingie, utapotea. Ukiona kioo kinang'aa na mama anaonekana vizuri, piga tu."

"Kikiwa giza?"

"Zungusha gurudumu polepole mpaka king'ae. Msalimie mama. Mwambie nampa shikamoo."

Abdulrazaq aliitia kamera mfukoni mwa suruali, akapanda gari.

Alhamisi Bi Tatu alikubali. Alimwita bintiye, Mwantum, naye akamvika mama kanga mpya na kumpaka wanja, na Abdulrazaq akamkalisha kitandani, mito miwili mgongoni. Chumba kilikuwa cha udongo na makuti, dirisha moja dogo. Kioo cha kamera kiling'aa, uso wa mama ukaonekana wote. Akapiga arobaini na moja.

Jumamosi alfajiri Bi Tatu alifariki. Akazikwa adhuhuri. Jumapili, watu wa mbali walipoanza kuondoka, Abdulrazaq alikaa peke yake nyuma ya nyumba, akabonyeza kitufe cha kutazama picha. Ya kwanza ilikuwa nyeusi. Ya pili nyeusi. Alizipitia zote, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

Alikwenda gatini akapiga simu. Upepo ulikuwa mkali.

"Waride. Mama ametutoka jana."

Kibiti, Waride alibana simu sikioni kwa bega, mikono yake miwili imeshika jora la kitambaa dukani kwa baba yake. Alisikia mkwaruzo.

"Hukusikika, habibi. Unasema?"

"Picha zote nyeusi. Zote."

"Nyeusi? Kamera haijaingia maji, lakini? Maana Ijumaa nina harusi."

Upepo ulivuma simuni.

"Razaki?"

"Haijaingia maji," alisema, akakata.

Waride alipiga mara tatu siku hiyo, mara nne kesho yake. Haikupatikana. Kwanza alihofu, kisha akakasirika. Alhamisi Mussa, nahodha wa boti ya abiria, alisimama mlangoni mwa duka na mfuko wa nailoni. Kamera ilikuwa ndani, imefutwa, imefungwa kwa kitambaa safi. Hapakuwa na neno.

"Kwa hiyo ameshindwa hata kuileta mwenyewe," alisema Waride. "Mwambie nimeipokea."

Mussa alimtazama. "Dada, mtu yuko matangani. Mamaye kazikwa Jumamosi. Hukuambiwa?"

Waride alikaa juu ya majora. Alirudia maneno yake mwenyewe ya simu, moja moja, mpaka akafika kwenye neno harusi, na hapo akafunika uso kwa mtandio.

Mchana huohuo aliipeleka kamera kwa Nassibu. Nassibu aliiwasha, akaielekeza ndani ya kabati lake la vyuma chakavu. Kioo kilionyesha kabati lote, bisibisi na nyaya, kama limo juani. Akapiga. Picha ikaja nyeusi tititi.

"Gurudumu limejizungusha mfukoni mpaka kasi ya mwisho, kamera inafunga kabla mwanga haujawahi kuingia," alisema. "Halina namba, angejuaje? Lakini kioo kingemwonyesha giza. Nani alikiamuru kionyeshe mwanga wakati wote?"

"Mimi."

Aliamuru hivyo tangu mwaka juzi. Vyumbani alipiga kwa flashi, na bila hila ile kioo kingekuwa giza na asingeona anachokipiga. Tena alizima picha isijitokeze baada ya kupigwa, kuokoa betri, maana kamera ndogo ina betri ndogo. Yeye mwenyewe alishayazoea, hakuyakumbuka. Naye ndiye aliyesema, ukiona kioo kinang'aa, piga tu.

Walishinda kwenye kompyuta mpaka adhana ya alasiri, Nassibu akizivuta picha zile kutoka gizani. Zilitoa madoa ya kijani na zambarau. Hapakuwa na jicho wala ncha ya kanga.

"Yeye hajui," alisema Nassibu akizima mashine. "Anadhani ni mkono wake. Ukinyamaza, hatajua maisha yake yote."

Waride aliitia kamera mkobani, akatoka. Harusi ya Ruaruke alimpa mpiga picha mwingine. Jioni alimwambia baba yake anataka kwenda Kiongoroni.

"Unakwenda kama nani?" aliuliza mzee Khamisi.

"Kama mwenye kosa, baba."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Utakwenda na shangazi yako."

Shangazi Habiba alilalamika njia nzima, kwanza juu ya gari, kisha juu ya boti, kisha juu ya maji yaliyokupwa yakawalazimu kushuka kabla ya gati na kukanyaga tope hadi magotini. Waride alimbebea viatu. Baibui lake jeusi lilikuwa kijivu mpaka kiunoni walipofika nyumbani kwa marehemu.

Mwantum aliwapokea kwa adabu, akawapa maji ya kunawa na mkeka. Abdulrazaq alikaa barazani. Ndevu zilikuwa zimemwota, na alijibu salamu akitazama chini.

"Nimekuja kutoa pole," alisema Waride. "Ile siku sikusikia kuwa mama amefariki. Nilisikia picha tu. Wallahi sikusikia."

"Yameshapita."

"Bado. Picha hukuziharibu wewe." Akaeleza yote, gurudumu, kioo, betri, maneno ya stendi. Alieleza polepole, kwa maneno ambayo hata Shangazi Habiba aliyaelewa. "Kamera yangu ilikudanganya, na mimi ndiye niliyeifundisha kudanganya. Tumejaribu kuziokoa. Hakuna hata moja."

Mwantum alikuwa wa kwanza kusema. "Mama alipakwa wanja kwa ajili ya kidude hicho."

"Alikuwa anaumwa mgongo," alisema Abdulrazaq. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikuwa namwambia, kaa wima kidogo, mama. Bado moja. Bado moja tu. Akanikalia wima mara arobaini na moja."

Aliinuka, akavaa kandambili, akaondoka kuelekea kwenye mikoko. Hakurudi chakula kilipopakuliwa. Waride alilala kwenye mkeka kando ya shangazi yake, na Mwantum, ambaye hakuzungumza naye tena, alimletea shuka.

Asubuhi maji yalijaa na Mussa akaita abiria. Waride alikuwa amekwisha kumpandisha shangazi yake botini alipomwona Abdulrazaq akija, suruali imelowa, ndevu zimenyolewa.

"Nassibu alijua?" aliuliza.

"Alijua. Aliniambia naweza kunyamaza."

"Ungeweza kweli. Mimi nilishakubali kuwa ni mikono yangu. Nilikuwa naiangalia kila nikinawa." Akaitazama mikono hiyo. "Tangu tumzike nilikuwa nasema, mwanawe wa pekee wa kiume, kapewa siku moja, kashindwa."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Nina hasira na wewe, Waride."

"Najua."

"Sijui itaisha lini."

"Hata isipoisha, nilitaka uwe nayo ya kweli."

Mussa aliwasha injini. Shangazi Habiba alimwita mpwa wake kwa jina lake lote. Abdulrazaq alimshika Waride kiwiko, akamvusha ubao, na aliposhika alichelewa kuachia.

"Alikuuliza," alisema. "Mama. Aliuliza kamera ya nani. Nikasema ya mwanamke ninayetaka kumuoa. Ndipo akaomba wanja." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Arobaini ikipita, baba yako atakuwepo dukani?"

Waride aliitikia kwa kichwa, boti ikaondoka.

Abdulrazaq alikwenda Kibiti na baba yake mdogo siku ya arobaini na tano. Mzee Khamisi alimhoji tangu adhuhuri mpaka alasiri, akakubali. Waliooana ni watu wawili waliokuwa wakiongea kwa uangalifu, na mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Zilikuwepo siku ambazo Waride alirudi kutoka harusini na mkoba wake begani, na mumewe, akiuona, alitoka nje bila kusema anakwenda wapi. Alirudi kila mara. Wakati mwingine alirudi na samaki, wakati mwingine alirudi na maneno ya kuomba radhi, na Waride alivipokea vyote viwili.

Sasa ni mwaka wa tatu. Juzi walikuwa wanakunywa chai, jua limeshatoka, na Abdulrazaq akasita na kikombe mkononi.

"Mama alikuwa na kidoti hapa juu ya mdomo," alisema. "Kilikuwa kushoto au kulia?"

"Muulize Mwantum."

"Nimemuuliza. Anasema kushoto. Mimi nakiona kulia." Akamgeukia mkewe kana kwamba yeye ndiye atakayeamua. "Wewe unaonaje?"

Waride aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Hakuwahi kumwona Bi Tatu hata siku moja.