Kwaresima Niliyoachwa na Mwalimu wa Kwaya

"Weka pasi chini kwanza," aliniambia.

"Niweke chini kwa nini? Kesho Jumatano ya Majivu, na madhabahu bado haijavaa."

"Weka tu. Sitaki uungue."

Nikaiweka. Tulikuwa wawili kwenye kile chumba kidogo nyuma ya madhabahu, mimi na mchumba wangu. Mimi ni fundi cherehani. Wananiita Sindano, kwa sababu ya kazi yangu na, wanavyosema wao, kwa sababu ya ulimi wangu. Vitambaa vyote vya usharika wetu wa Kilutheri nimevishona mimi: vyeupe vya Pasaka, vya zambarau vya Kwaresima, cheusi cha Ijumaa Kuu. Yeye alikuwa anafundisha darasa la nne, na jioni alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. Harusi tulishaipanga, Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Gauni nilishalikata.

"Naomba tuvunje uchumba," akasema.

Nikacheka.

"Leo mchana umekula nini wewe?"

"Sitanii."

Kicheko kikanikauka. "Nimekukosea?"

"Hujanikosea chochote. Sijawahi kumjua mtu mwema kama wewe."

"Mtu mwema haachwi kama mzigo stendi! Ni mwanamke?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Muda wote alikuwa ananitazama midomoni, si machoni. Nikasema moyoni: anaona aibu huyu. Akaokota mfuko wake wa madaftari, akatoka. Nikabaki na pasi na kitambaa cha zambarau, sijui nianzie wapi kulia.

Nyumbani nilikuwa naishi na shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Habari ilimkuta anachambua mchele.

"Mwanamume hakuachi akaenda hewani," alisema, bila kuinua kichwa. "Anakwenda kwa mtu. Subiri, utamwona."

"Amesema hakuna mtu, shangazi."

"Na mwizi naye husema hajaiba. Kula."

Kesho yake mchungaji wetu, mama mmoja mpole wa makamo, aliponichora msalaba wa majivu kwenye paji la uso, nililia kwa sauti. Watu wakanisifu kwa toba yangu.

Kwaya sikuiacha. Niliona nikimwachia na kwaya, nitakuwa nimemwachia kila kitu. Kila Jumatano jioni, kwenye ibada za Kwaresima, nilisimama mstari wa sauti ya pili na kuimba nikitazama ukuta. Wiki ya tatu wanaoimba sauti ya kwanza walishuka mpaka wimbo ukawa kama mlango usiotiwa mafuta. Mwalimu, ambaye zamani alisimamisha wimbo mtu akikohoa tu, aliendelea kupunga mikono na kutabasamu.

"Akili yake haiko hapa," wenzangu wa sauti ya pili walinong'ona nyuma yangu.

Usiku huohuo, kabla sijalala, nikamwandikia:

"Niambie ukweli tu. Kuna mtu?"

Akajibu: "Hakuna mtu. Uwe na amani. Usinisubiri."

Jumamosi iliyofuata nilipeleka sare nilizoshona shuleni kwake. Nikapita karibu na dirisha la darasa la nne. Alikuwa amekaa ndani na mwanamke mwenye miwani, wametazamana, dawati moja katikati yao. Yule mama alimshika vidole, akavikunja kimoja kimoja, akavinyosha. Kisha wote wawili wakacheka. Na mimi tangu Krismasi sikuwa nimemwona akicheka hivyo.

Sare niliziacha kwa mlinzi. Nikafika nyumbani nahema.

"Anaye, shangazi! Ana mwanamke, tena wanashikana mikono mumo humo darasani!"

"Si nilikwambia?"

Shangazi akawaambia akina mama wa kikundi cha maombi. Neno likaota miguu. Nilisema mwanamke, lilipofika kwa wazee wa kanisa lilikuwa mke wa mtu. Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, wazee wakamwita Mwalimu pembeni, wakamwomba akae kando na kwaya, Pasaka hii asiongoze. Hakujitetea hata kidogo. Alikiweka kitabu chake cha nyimbo juu ya kinanda, akatokea mlango wa pembeni.

Roho yangu ilitulia nusu siku tu.

"Mbona huli?" shangazi akaniuliza kesho yake.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini na tangu jana hujagusa sahani?"

Jumanne nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta anapanga karatasi za ibada za Juma Takatifu.

"Mama Mchungaji, Alhamisi Kuu sitakuja kwenye Meza ya Bwana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nina hasira na mtu. Tena nahisi nimemtenda vibaya. Sina uhakika."

"Ulichokisema ni kweli?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Uliona. Uliuliza?"

Nikaangalia vidole vyangu.

"Ya mtu aliyonieleza faraghani siwezi kukupa," akasema. "Nenda kamwulize mwenyewe. Ila ukifika, simama mbele yake. Usizungumze ukiwa nyuma yake."

Uso ukanichoma. Nilijua ananisema kwa umbea.

Jumatano mchana nikaenda shuleni. Watoto walikuwa wameshatoka. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni, amenipa mgongo. Mimi ni mkaidi, nikasema palepale mlangoni:

"Mwalimu."

Kimya.

"Mwalimu! Nimekuja tuongee."

Chaki ikaendelea kutembea, herufi nzuri, zimesimama wima. Nikapandwa na hasira. Nikamwita kwa jina lake lote, lile la ubatizo pamoja na la baba yake, kwa sauti ambayo jirani wa shule angeitika. Hakutikisika. Nikaingia, nikaubamiza mlango nyuma yangu.

Hapo ndipo akageuka. Si kwa kishindo. Mlango ulipofungwa, mwanga ulipungua ubaoni.

Maneno ya mchungaji yakanijia upya, na safari hii nikayaelewa. Nikatembea mpaka mbele yake kabisa.

"Tangu lini?" nikamwuliza.

Alinitazama midomoni. Akaweka chaki chini.

"Sikio la kulia lilikufa mwaka juzi. La kushoto nalo linakwenda. Daktari anasema labda mwaka, labda chini ya hapo."

"Na hukuniambia."

"Uliniambia ulinipenda siku ile uliponisikia nawafundisha sauti ya nne. Mwalimu wa kwaya kiziwi ni mtu gani? Utaolewa, uwe unaongea na ukuta?"

"Nani kakwambia nitaongea na ukuta?"

"Nilitaka kukuepusha."

"Hukuniepusha, uliniamulia! Ungeniambia, ningelia siku mbili, ya tatu ningekuja. Hata hizo siku mbili za kulia umeninyima!"

"Polepole," akasema. "Midomo yako inakimbia."

Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule mama mwenye miwani, ameshika chupa ya chai. Alitutazama, akaelewa.

"Ndiye?" akamwuliza Mwalimu, na papo hapo akabana vidole viwili, akavuta hewani kama anayepitisha uzi kwenye kitambaa.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi nafundisha shule ya viziwi," yule mama akanieleza. "Huyu namfundisha lugha ya alama tangu Januari. Siku ya kwanza wengine huomba alama ya maji, ya chakula, ya asante. Yeye alitaka jina lako."

Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana, yakaisha. Lakini nilikuwa na langu moyoni.

"Yale maneno kanisani yalitoka kwangu," nikasema. "Nilikuoneni dirishani. Mimi ndiye niliyesema una mwanamke. Kwaya umenyang'anywa kwa ajili yangu."

Akakunja uso. "Rudia. Sikukupata."

Kutubu mara moja ni kazi. Kutubu mara ya pili, taratibu, ukifungua mdomo vizuri ili kila neno lionekane, simwombei mtu. Lakini nikarudia, lote.

Alikaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani.

"Iliniuma," akasema. "Iliniuma mno. Nikajiambia afadhali wanione mhuni kuliko wanionee huruma. Na wewe ukaamini?"

"Niliamini."

"Basi niachie nifikiri mpaka kesho."

Nikaenda zangu. Kesho yake saa nne asubuhi, niko kwenye cherehani, simu ikatetemeka:

"Njoo jioni kwenye Meza ya Bwana. Kaa kushoto kwangu, ndiko bado nasikia kidogo mtu akiwa karibu."

Tulipiga magoti pamoja. Mchungaji alipofika kwangu na mkate, aliishika mikono yangu kwanza, ndipo akanipa. Upande wangu wa pili alikuwa shangazi. Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, na tangu mchana alikuwa analia na kujisema mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tukaomba wanakwaya na wazee wa kanisa wakutane. Nikasimama mbele.

"Mwalimu hana mwanamke. Yule mama anamfundisha. Niliona nusu ya jambo, nikatangaza zima. Naomba mnisamehe, na mumrudishie nafasi yake."

Kabla sijakaa, shangazi akasimama bila kuitwa.

"Huyu mtoto alisema kidogo. Chumvi niliitia mimi, na pilipili juu. Naomba radhi."

Kisha Mwalimu akasimama. Alisema habari ya masikio yake kwa sentensi tatu, macho yamekazwa sakafuni, akamaliza hivi: "Kwa hiyo hata mkinirudishia, siwezi tena. Tafuteni mwingine."

Mzee Ngurumo, anayeimba sauti ya nne tangu mimi sijazaliwa, akainuka kwa fimbo yake, akamfuata, akasimama mbele yake.

"Mwalimu, sisi wa sauti ya nne masikio yako tuliyajua tangu Krismasi."

"Mlijua?"

"Unadhani kwa nini napiga mguu chini kila mwanzo wa wimbo? Mimi nina baridi yabisi! Nakupa mapigo uyasikie kwenye sakafu. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe. Habari ya mwanamke ndiyo iliyotuchanganya."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Mwalimu alitazama mdomo mmoja baada ya mwingine, mkono shingoni, kama mtu aliyeingia nyumba ya kigeni akakuta ndugu zake wote wamekaa sebuleni. Mwenyekiti wa wazee akamshika bega.

"Tulikuhukumu bila kukusikiliza. Kesho alfajiri unaongoza wewe."

"Sauti ya kwanza wakishuka je, nani ataniambia?"

"Mimi," nikasema. "Nitakuonyesha kwa mkono."

Na ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka nje, madhabahu imevaa vyeupe nilivyopiga pasi mwenyewe. Siku arobaini hatukuwa tumeimba Haleluya hata moja. Ya kwanza ilipotoka, Mzee Ngurumo alipiga mguu, wenzake wa sauti ya nne wakafuata, na sakafu ya mbao ikatetemeka hadi kwenye viatu vya Mwalimu. Mara mbili nilimwonyesha kidole chini, mara mbili akawapandisha. Nilikuwa nalia na kuimba, na nadhani nilikosea maneno ya ubeti mzima.

Ulipofika wakati wa shukrani, Mwalimu akaenda mbele peke yake.

"Nilijua nitapoteza sauti, nikaamua nipoteze na watu, yaishe kwa mkupuo," akasema. "Mungu amekataa. Watu amenirudishia wote. Nashukuru."

Nje ya kanisa nikamfuata mchungaji.

"Mama Mchungaji, ile tarehe yetu uliifuta?"

"Hakuna aliyeniandikia kuifuta. Una gauni?"

"Lina mkono mmoja."

"Basi una wiki mbili."

Niliumaliza mkono wa pili, na zile wiki mbili yule mama mwenye miwani alinifundisha kiapo kwa alama. Siku ya harusi nikasimama mbele ya usharika, nikaapa kwa mdomo na kwa mikono pamoja. Nilipofika mwisho nikamwona yule mama, kiti cha mbele, ameziba mdomo, mabega yanamcheza. Mwalimu naye alikuwa anajikaza.

"Kuna nini?" mchungaji akauliza.

"Kwa mdomo amesema mpaka kifo kitutenganishe," Mwalimu akajibu. "Kwa mikono amesema mpaka kikombe kitutenganishe."

Kanisa likalipuka. Shangazi alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Na wewe unasemaje?" mchungaji akamwuliza, akifuta machozi.

"Nakubali vyote viwili."

Sikio la kushoto lilizimika mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja ya mvua. Aliniamsha, akaniuliza kwa mikono kama inanyesha. Nikamwambia inanyesha, tena kubwa. Nilingoja alie, nami nilie naye. Badala yake akaniuliza tena, ni mvua ya namna gani. Nikachukua mkono wake, nikaanza kuipiga kwa vidole kiganjani mwake, kama nilivyoisikia, mpaka ilipokatika.