Kiu ya Rejeta

Jioni ile Baridi alikwenda kuchukua rejeta, basi, hakuna jingine. Jina hilo alipachikwa gerejini, maana gari lolote lililochemka likifika mikononi mwake lilipoa. Wenye utani walisema ndiyo maana hata mkewe hajawahi kumchemkia.

Lakini gari la mjomba wake lilikuwa limemshinda. Gari la zamani la mashindano, viti viwili, boneti ndefu, vipuri vyake havitengenezwi tena. Rejeta ilikuwa imeoza. Akiziba hapa, inatoboka pale. Na mjomba, aliyemlea tangu utotoni, alikuwa anakwenda kupasuliwa moyo. "Mwanangu," mjomba alimwambia kwa sauti ya chini, "nataka niliendeshe mara moja tu. Nikifa, nife nimeliendesha."

Ndipo Baridi akasikia habari za mjane mmoja mwenye gari kama lile, limelala bandani tangu mumewe afe.

Mjane alifungua geti kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Spana umebeba?"

Hakumkaribisha hata kukaa. Alimpeleka moja kwa moja bandani, nyuma ya nyumba. Gari lilikuwa limepandishwa juu ya matofali, halina magurudumu, na injini ilishang'olewa zamani. Rejeta ilibaki peke yake mbele, imejaa vumbi. Baridi akaiwekea kiganja.

Akakiondoa upesi.

Ilikuwa ya moto.

"Mama... gari hili limewashwa leo?"

"Litawashwaje bila injini?"

Alisikia harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka, tamu, nzito. Na chini yake nyingine... harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na homa.

Mjane akachukua ndoo, akafungua kifuniko, akamimina.

Glu... glu... glu...

Baridi alikuwa amesikia maji yakiingia kwenye rejeta maisha yake yote. Hayaingii hivyo. Na mpira wa chini unaopitisha maji haukuwepo. Maji yalipaswa kumwagika miguuni pake. Halikudondoka tone.

"Anakunywa," mjane alinong'ona.

"Nani?"

"Inakunywa. Ulimi umeteleza." Akaiweka ndoo chini, akashika kiuno. "Ichukue, mwanangu. Ifunge kwenye gari lenu, ijazeni maji kila jioni. Ila usiifungue ndani. Ni nzima."

Mtu mwingine angeaga akaenda zake. Baridi alimfikiria mjomba. Alijiambia kwamba bati la banda limechomwa na jua mchana kutwa, akafungua nati, akaibeba rejeta kwa magunia na kuilaza kwenye kiti cha abiria cha pikapu yake.

Njiani koo likaanza kumkauka. Alinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji aliyoinunua muda si mrefu. Kizibo kilikuwa bado kimefungwa vilevile, hakijakatwa.

Chupa ilikuwa tupu.

"Maji..."

Sauti ya mwanamume, imekwaruza, karibu kabisa na sikio. Baridi hakugeuka. Angegeukia nini? Pembeni palikuwa na rejeta tu.

"Maji... nihurumie..."

Alipofika gerejini, nguo zilikuwa zimemganda mwilini kwa jasho. Angeweza kuitupa jalalani. Lakini sauti ile iliomba kama mgonjwa anavyoomba, na moyo wa Baridi ulikuwa laini kuliko alivyopenda watu wajue. Akawasha gesi, akayeyusha risasi iliyolehemu maungio ya rejeta, tangi la chini likaachia.

Ndani mlikuwa mkavu kabisa. Palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi kilichofungwa kwa waya. Alipokifungua alikuta nywele za mtu na vipande vya kucha.

Pumzi ndefu ikampita usoni. Papo hapo rejeta ikawa baridi.

"Pumzika, mzee," Baridi akasema. "Umeshakuwa huru."

Kisha akarudi mbio kwa mjane. Aliona ni haki yake kujua kwamba mumewe alirogwa.

Geti lilikuwa wazi. Mjane alikuwa ameketi sebuleni bila taa, mikono magotini. Bafuni bomba lilikuwa linatiririka. Na juu ya sauti ya bomba...

Glu... glu... glu...

"Umeifungua," mjane akanong'ona.

"Nimekuta uchawi, mama. Kuna mtu alimfunga mumeo."

"Ni mimi niliyemfunga."

Akapandisha mkono wa gauni. Kutoka begani hadi kiwikoni ngozi ilikuwa imekunjamana kwa makovu ya kuunguzwa.

"Gari lake likichemka njiani, alikuwa akirudi na yale maji ya moto kwenye kopo. Makosa yalikuwa yangu siku zote. Alipokufa hakuondoka, basi nikamtafutia pa kukaa. Sasa nimezeeka, ndoo imekuwa nzito. Nikasema akaendeshwe mbali huko, awe na maji yake." Akamtazama. "Ulimhurumia mtu usiyemjua."

Bomba likafungwa.

Kimya.

Halafu nyayo zilizolowa, juu ya sakafu ya saruji. Pa... pa... pa...

Baridi hakungoja kuona zinakuja upande gani. Alimnyanyua mjane mzimamzima, akakimbia naye hadi kwenye pikapu, akaondoka bila hata kufunga mlango vizuri. Alipofika barabara kuu ndipo alipothubutu kutazama kioo. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Hajatufuata, mama," akasema, akicheka kama mtu anayelia. "Hajatufuata!"

Mjane hakucheka.

"Ulipomfungua, ulimsemesha?"

"Nilimwambia... apumzike."

"Basi anakujua. Nyumbani kwako kuna nani?"

Baridi akaegesha pembeni, akampigia mkewe simu. Ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Sema haraka, mume wangu, nina mgeni," mkewe akasema. "Kazee ka watu, midomo imempasuka kwa kiu. Amemaliza jagi zima, sasa ananiomba nimchemshie mengine."