Kadi Iliyokaa kwa Ghanim

To, to, to. Maji yaligonga chini ya ndoo tupu. Alfajiri ilikuwa bado. Bibi Masouda alisimama jikoni, mkono kwenye mfereji, akingoja ndoo ijae.

Ndoo zilikuwa tatu, na kila siku alizijaza kabla ya sala. Alianza mwezi wa Juni mwaka ule wa 2007, kimbunga kilipopiga Maskati. Maji ya wadi, ule mto unaojaa mvua ikinyesha tu, yaliingia mpaka sebuleni mwao, hapo mtaa wa Ansab. Kisha mifereji ikakauka kwa siku nyingi. Sasa ilikuwa Oktoba, na maji yalitoka vizuri. Lakini Bibi hakuyaamini.

"Umenitangulia tena, Bibi," alisema Nyambura.

Nyambura alitoka Nakuru, Kenya. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba hiyo kwa miaka minne. Alibeba ndoo mbili nzito na kumwachia Bibi ile ndogo. Alifanya hivyo kila siku, wala hakuwahi kulitaja.

"Usingizi umenikataa, mwanangu," alisema Bibi. "Leo Jumatano. Jumamosi inakuja."

Jumamosi ilikuwa siku ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Shura, bunge la Omani. Bibi alikwisha kujiandikisha. Alikuwa na kadi yake ya uchaguzi, lakini kadi haikuwa nyumbani. Ilikuwa kwa Ghanim, mdogo wa marehemu mumewe. Ghanim alikusanya kadi za wanawake wote wa ukoo.

"Nakuwekeeni zisipotee," aliwaambia. "Jumamosi nitakupitieni kwa gari. Nitakupeni kadi, na nitakutajieni jina. Ukoo mmoja, jina moja. Atakayekwenda kinyume, nitajua."

Ghanim hakuwa mtu mbaya. Tangu kaka yake afe, alimletea Bibi dawa yake ya sukari kila mwezi. Kila Ijumaa alileta tende na kula nao chakula cha mchana. Kwa sababu hiyo Bibi alimwogopa zaidi. Mtu mwema akikasirika, unaupoteza na wema wake.

Na Bibi alikuwa na mtu wake moyoni. Aliitwa Mwalimu Sayyida. Baada ya kimbunga, Sayyida alikuja kwa miguu kwenye tope, madumu mawili ya maji mikononi. Hakuwa akiwajua. Alisema tu, "Nimesikia hapa pana mtu mzima." Sasa mwalimu huyo alikuwa akigombea.

Saa mbili asubuhi, Enos aligonga mlango wa nyuma. Enos alikuwa Mkenya wa Kakamega, dereva wa gari la maji. Kila alipopita mtaa ule, Nyambura alimpa chai.

"Nyambura, rais wako anafunga mizigo," alisema Enos, akipokea kikombe. "Desemba tunamtoa."

"Mnamtoa na nini? Wewe uko huku, na kura yako iko Kakamega. Kunywa chai ya watu unyamaze."

Enos alicheka. Ilikuwa kweli. Wakati ule, Mkenya aliyekuwa nje hakuweza kupiga kura mpaka arudi kwao.

Ayman, mtoto wa Bibi, aliingia akiwa tayari kwenda kazini. "Nyinyi mnajisumbua bure," alisema. "Rais akija, rais akienda, mwenye shida yuko pale pale."

"Hapo umesema, bwana Ayman," alisema Enos. "Mwaka wa 2002 nilipanga foleni tangu saa kumi usiku. Tulishinda, tukabebana mabegani. Lakini barabara ya kwetu? Mashimo ni yale yale. Nayajua mpaka kwa majina."

"Na baada ya kushinda, ulienda kumuuliza mbunge wako?" aliuliza Nyambura.

"Sikuenda."

"Si ndiyo hiyo? Umemwandika mtu kazi, halafu hujamtazama kazini hata siku moja."

"Nyinyi afadhali mnachagua rais," alisema Ayman. "Sisi hapa hatuna rais. Tuna Sultani, Mungu amuweke. Mjumbe wa Shura atafanya nini?"

Lamya, mke wa Ayman, alikuwa akikata kitunguu. "Atauliza," alisema. "Mawaziri wa huduma wanaulizwa mle barazani. Mitaro ya maji, shule, hospitali. Maji yalipoingia humu ndani ulipiga kelele wiki nzima, ukitusemesha sisi. Sisi tutafanya nini?"

"Mimi Jumamosi nitalala."

"Kura nnaijua," alisema Bibi ghafla. "Nnajua na sauti yake."

Wote walimgeukia.

"Ilikuwa Unguja, kabla hatujahamia huku, mwezi wa Juni, mwaka wa sitini na moja. Nlikuwa mwari wa miaka kumi na saba. Baba alitoka asubuhi kwenda kupiga kura. Alirudi kwa mlango wa nyuma, kanzu imechanika, ina damu. Wala haikuwa damu yake. Mama alisukuma kinu nyuma ya mlango. Tulikaa siku tatu kwa uji mtupu, tunasikiliza nyayo za watu uchochoroni. Tangu siku hizo, nikisikia kura, nnasikia nyayo."

Nyambura aliketi karibu yake. "Unaogopa nini hasa, Bibi? Kupiga kura, ama kujulikana?"

"Kujulikana. Ghanim kasema atajua."

"Hawezi. Mwaka wa 2002 nilikuwa karani wa kura kule kwetu. Wacha nikuonyeshe."

Nyambura alichukua kopo tupu la maziwa ya unga. Akapasua tundu kwenye kifuniko kwa kisu. Kisha akakata karatasi tano zilizolingana. Kila karatasi akaichora samaki na kuku.

"Huyu ni mbuzi?" aliuliza Enos.

"Ni kuku. Chakula cha Ijumaa ni samaki ama kuku. Tunaamua kwa kura. Enos, wewe pia, kwa sababu Bibi amekualika. Kila mtu aingie stoo peke yake, nyuma ya pazia. Atie alama moja, akunje karatasi, atumbukize ndani ya kopo. Kalamu ni hii moja. Jina usiandike."

"Pikeni mtakacho," alisema Ayman. "Mimi simo." Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

Waliingia stoo mmoja mmoja: Bibi, Lamya, Enos, kisha Nyambura mwenyewe. Walipomaliza, Nyambura alitikisa kopo na kumwaga karatasi mezani.

"Fungua, Bibi. Hesabu."

Bibi alizifungua polepole. Kuku wawili. Samaki wawili.

"Sasa niambie. Nani alichagua samaki?"

Bibi alizigeuza karatasi huku na huku. Alama zote zilifanana. Alimtazama Lamya. "Wewe, mwanangu, unapenda samaki."

"Labda leo nimetaka kuku, Mama," alisema Lamya, akakata kitunguu chake.

"Enos?"

"Mimi, Bibi? Siri ya serikali."

Bibi alicheka kidogo. Watu wanne, jikoni mwake mwenyewe, naye hakuweza kujua.

"Na ile kadi yako," alisema Nyambura, "inaonyesha tu kwamba jina lako liko kwenye daftari. Haijui ulimchagua nani."

"Basi nani kashinda?" aliuliza Ayman.

"Sare. Kura ya tano ingeamua."

"Leteni karatasi hiyo. Mimi kuku."

"Umeshasema humo," alisema Lamya. "Kopo limefunguliwa. Ijumaa tutakula dengu."

Ijumaa wakala dengu. Ghanim alikuja na tende zake kama kawaida, akaketi mkekani na kutazama sahani.

"Dengu siku ya Ijumaa?" aliuliza. "Kuna msiba?"

"Kuna kura, ami," alisema Ayman.

Bibi hakuweza kula. Alilirudisha tonge sahanini.

"Shemegi," alisema. "Kadi yangu iko wapi?"

"Iko salama. Imo mkobani, garini. Kesho nitakupa."

"Nnaitaka leo."

Ghanim aliacha kula. Alimtazama Nyambura, aliyekuwa akiweka jagi la maji. "Nani kakutia maneno?"

"Jina lililoandikwa pale ni langu. Nimejifunza kuliandika uzeeni, miaka miwili darasani na vitoto vya juzi wakinicheka. Nnataka kulishika mwenyewe."

"Na ukienda kinyume, nitajua."

"Utajuaje, shemegi?"

Ghanim alijimiminia maji.

"Nambie, utajuaje? Juzi hapa watu wanne wamechagua kitoweo, na mpaka leo sijui nani kachagua nini."

Ghanim alikunja leso yake, akaikunjua. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini. "Umesahau sitini na moja? Nlikuwa mtoto wa miaka kumi na mbili. Nlijificha chini ya kitanda siku nzima. Nnataka tuwe pamoja, basi. Watu wakigawika, mimi naogopa."

Bibi hakuwahi kujua hilo. Miaka yote alidhani mwenye khofu ni yeye peke yake.

"Na mimi naogopa," alisema. "Lakini kadi nipe."

Ghanim aliinuka na kutoka. Hakunawa, hakunywa kahawa. Walisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Bibi alifumba macho. Akajiambia, huyo, kaondoka, na hatarudi tena.

Kisha viatu vilisikika barazani. Ghanim aliingia, akaiweka kadi mkekani kando ya sahani ya tende. Akaondoka bila ya kuaga.

Jumamosi, Ayman hakulala. Alimpeleka mama yake kwenye skuli iliyokuwa kituo cha kura, kisha akaingia mwenyewe upande wa wanaume.

Upande wa wanawake ulikuwa kimya. Karani wa kike aliitazama kadi ya Bibi, akalitafuta jina lake daftarini. Kisha akamrudishia kadi na kumpa karatasi. Karatasi haikuwa na jina la Bibi mahali popote. Aliigeuza mara mbili kuhakikisha.

Nyuma ya pazia alikuwa peke yake. Alisikiliza kama kuna nyayo. Hapakuwa na kitu. Alilisoma jina la Sayyida herufi kwa herufi, akatia alama. Karatasi ilipoanguka ndani ya sanduku, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko tone la maji.

Kesho yake matokeo yalitoka. Mwalimu Sayyida hakushinda. Bibi alihuzunika. Lakini hakuna aliyemwuliza chochote, na hakuna aliyejua.

Jioni ile alifungua kabati lake ili kuiweka kadi ndani ya kijisanduku cha vitu vya thamani. Chini ya hati za nyumba aliona kijitabu. Ilikuwa pasi ya kusafiria ya Nyambura.

Bibi aliketi kitandani. Pasi ilikaa mle miaka minne. Alikumbuka siku alipoichukua. Alimwambia Nyambura, "Nakuwekea isipotee." Alisema kwa upole kabisa, na Nyambura hakuthubutu kukataa.

Alimwita. Nyambura alikuja akijifuta mikono, akaiona pasi, akasimama.

"Bibi, nimekosa? Unanirudisha kwetu?"

"La, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa. Jina ni lako. Ishike wewe."

Nyambura aliipokea kwa mikono miwili. Aliifungua, akalitazama jina lake. Kisha akasema, "Likizo yangu ni Desemba. Ningependa kwenda kupiga kura."

Bibi alitaka kumwambia asiende. Redio ilikuwa ikitangaza habari za Kenya kila siku, za mikutano na vitisho. Maneno yalimfika mdomoni. Aliyameza, akaenda kutafuta bakuli la kumfungia halua ya safari, ingawa safari ilikuwa bado mbali.

Nyambura aliondoka katikati ya Desemba. Baada ya uchaguzi, redio ilisema nyumba zinachomwa Kenya. Simu ya Nyambura haikupatikana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Bibi alijaza ndoo zake gizani peke yake, nzito na nyepesi.

Ijumaa ya wiki ile, mlango uligongwa. Alikuwa Ghanim, mkononi tende. Hakuwa amekanyaga hapo tangu siku ya kadi.

"Mtoto kapatikana?" aliuliza.

"Bado."

Ghanim aliketi karibu na simu. Hakuuliza habari za kura. Alimmiminia Bibi kahawa, na wakangoja pamoja.

Siku ya nane, Ghanim akiwa hapo tena, Enos alikuja mbio. Simu yake ya mkono ilikuwa sikioni. "Ndiye huyu, Bibi. Sema."

"Bibi?" Sauti ya Nyambura ilikuwa mbali. "Niko hai. Mama yuko hai. Dada yake Enos, aliyeolewa huku Nakuru, ametuficha kwake siku zote hizi. Watu wa upande wake, wanaompinga rais, wamekuja mlangoni mara mbili kututafuta, akawaambia hakuna mtu."

Bibi alilia. Ghanim aligeuka, akatazama ukuta.

"Ulipiga hiyo kura?" aliuliza Bibi.

"Nilipiga. Foleni ilikuwa ya amani, Bibi. Wa huku na wa kule, tuligawana chai. Ubaya umekuja baadaye, na haukuletwa na ile foleni."

"Na pasi iko wapi?"

"Nimeifunga kiunoni, kwa kanga uliyonipa."

"Ikae hapo hapo. Usimpe mtu." Bibi alijifuta macho. "Siwezi kukwambia urudi, mwanangu. Mama yako anakuhitaji, na pasi ni yako. Lakini mambo yakitulia, njoo unitembelee. Hata siku mbili. Njoo tena unitazame."