Manyoya ya Kiota Kimoja

Kila alipotoka shule, Kwanini alivua sare, akaosha vyombo vya mchana, kisha akaenda kwenye maabara ya shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa na babu yake, kwa sababu hakuna jibu lililowahi kumtosha. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye friji linalonguruma, vichupa vidogo kama vifuniko vya kalamu, na harufu ya spiriti. Aliruhusiwa kuuliza chochote, mradi asiguse kitu.

Mwaka huo shangazi alikuwa akichunguza bata mwitu wa kinamasi kilicho nyuma ya mji, ambao walikuwa wamepungua sana. Alimweleza Kwanini kwamba kwenye unyoya kuna vinasaba, yaani maelekezo ambayo kiumbe hurithi kutoka kwa wazazi wake. Mashine husoma kipande kifupi cha maelekezo hayo na kukionyesha kwa mistari ya rangi, kama mistari myeusi ya pakiti ya sabuni inayoitambulisha dukani.

"Mistari ikitofautiana, ujue koo zao ni nyingi," alisema shangazi. "Koo zikiwa nyingi, hata ugonjwa ukiingia hauwamalizi wote."

Kwanini aliomba kusaidia, akaomba tena, mpaka shangazi akachoka kukataa. Alimpa bahasha na agizo moja tu: unyoya wa kila kiota uingie katika bahasha yake. Mlinzi wa kinamasi angekuwa karibu kumwangalia.

Kiota cha kwanza kilikuwa kando ya njia, kimejaa manyoya. Vingine vilikuwa ndani ya matope, penye ruba wenye njaa. Kwanini alikanyaga mara moja, akazama hadi magotini, akarudi haraka. Bata ni bata, alijiambia. Akajaza bahasha zote kwa manyoya ya kiota kile kimoja. Mlinzi, aliyekuwa akirekebisha uzio, alimsifu kwa wepesi wake, na sifa hiyo ikamkera njia nzima.

Majibu yalipotoka, shangazi aliyapitia kwenye kompyuta mara mbili. Kwanini alichungulia, akaona mistari ya bata wote inafanana, haina hata rangi moja iliyohama. Akauliza maana yake.

"Umebaki ukoo mmoja," alisema shangazi kwa huzuni. "Kesho nitawaambia wakubwa wangu bata hawa wahamishwe, wakachanganywe na wenzao mbali. Na kinamasi kikikosa bata, nani atakitetea? Watakifukia wajenge."

Kwanini, ambaye siku zote alikuwa na swali, safari hii alikuwa na jibu. Aliona haya na aliogopa. Hatimaye akapiga moyo konde.

"Shangazi, manyoya yote ni ya kiota kimoja. Niliogopa matope."

Shangazi alivua miwani. Hakumfokea, na hilo likamuumiza Kwanini zaidi. Aliwapigia simu wakubwa wake akaomba mkutano wa kesho usogezwe mbele, akikiri kwamba yeye mwenyewe alikosea kumwachia mtoto kazi ile bila kuihakiki. Kisha akatafuta buti za watu wawili.

Waliingia matopeni pamoja. Walianguka, wakacheka, wakabanduana ruba, na kila kiota kikapata bahasha yake. Majibu mapya yalipotoka, Kwanini alisogeza pua hadi karibu na kioo. Hapa mistari ilifanana, pale ikaachana, na chini kabisa kulikuwa na ukoo ambao shangazi hakuutarajia. Bata wangebaki kwao. Kwanini alifurahi hadi akasahau kuuliza.

"Mashine haijui kama umeidanganya," shangazi alimwambia, akimshika bega. "Husoma ulichoipa, na sisi huamini. Siku nyingine kiota kikikushinda, niletee bahasha tupu. Tupu ningeijaza mwenyewe. Iliyojaa uongo ilikaribia kuwafukuza bata kwao."